Shangazi Hakujitakia

"Hivi mwanangu, maradhi haya nimejitakia mwenyewe?"

Shangazi aliniuliza hivyo barazani kwake Fumba, alasiri moja, wiki sita baada ya kutolewa mfuko wa uzazi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, simu pajani. Kwenye simu kulikuwa na kijana wa rika langu aliyevaa koti jeupe ambalo sijui nani alimvisha. Alikuwa anaeleza, kwa sauti ya mtu asiyekuwa na shaka hata chembe, kwamba saratani inatokana na inflamesheni, inflamesheni inatokana na unene, na unene unatokana na mtu kushindwa kujizuia. Mwisho wa video palikuwa na namba ya kuagizia unga wa kusafisha mwili.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Kwa ukoo wetu maana yake ni daktari, na nimeshachoka kuwasahihisha. Kwa hiyo shangazi alikuwa anauliza swali la kitaalamu, na alitaka jibu la kitaalamu. Tatizo ni kwamba nusu ya maneno ya yule kijana ni kweli. Nimeyasoma darasani na nimeyafanyia mtihani. Uongo umo kwenye nusu ya pili, na wala haukuanzia kwa wauza unga. Umeanzia kwenye msemo ambao sisi wasomi tunautamka kila siku bila ya kuona haya: magonjwa ya mtindo wa maisha.

Nataka tuuache msemo huo. Si kwa sababu unawaumiza watu roho, ingawa unawaumiza. Nataka tuuache kwa sababu hausemi kweli, na kwa sababu umechangia kuchelewesha matibabu ya mtu ninayempenda.

Tuanze na kilicho kweli.

Kiswahili kimetupa neno moja, uvimbe, kwa kidole kilichochomwa na mwiba na kwa saratani ya titi. Ndiyo maana hapa nasema inflamesheni, nisije nikachanganya mambo mawili. Inflamesheni ni walinzi wa mwili wakiwa kazini. Ukikanyaga mwiba pwani, mguu unakuwa mwekundu, unavimba, unapata moto na unauma. Chembe nyeupe za damu zimekuja kuua vijidudu, kuondosha kilichoharibika na kuita chembe mpya zijenge palipobomoka. Kazi ikisha, zinatawanyika. Bila ya hilo tungekufa kwa kidonda cha kwanza.

Hatari iko pale kazi isipokwisha. Mwaka 1863 tabibu wa Kijerumani Rudolf Virchow alieleza kwamba ndani ya uvimbe wa saratani huonekana chembe nyeupe za damu, na akahisi kwamba saratani huota mahali ambapo mwili umekuwa ukipigana kwa muda mrefu. Mwaka 1986 Mmarekani Harold Dvorak aliifananisha saratani na kidonda kisichopona. Mwaka 2011 Douglas Hanahan na Robert Weinberg waliporudia orodha yao maarufu ya tabia za saratani, inflamesheni ilitajwa, na pia namna chembe za saratani zinavyobadilisha matumizi yao ya nishati. Mantiki yake haina uchawi. Mahali penye moto usiozimika, chembe hugawanyika tena na tena ili kuziba pengo, na huku zinarushiwa kemikali zinazoweza kuharibu DNA. Kila zinapogawanyika ni nafasi nyingine ya kukosea.

Sasa unene unaingiaje hapo? Mafuta ya mwilini, hasa yale ya ndani ya tumbo, si ghala lililonyamaza. Yakizidi, huita chembe za ulinzi na kumwaga kwenye damu kemikali za moto ule ule, kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, bila ya homa wala maumivu. Insulini nayo huanza kukosa nguvu, kongosho likaongeza nyingine, na insulini ikizidi huziamuru chembe zikue. Kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi kuna jambo la tatu. Ovari zimenyamaza, lakini mafuta yanaendelea kutengeneza estrojeni, na estrojeni isiyo na projesteroni ya kuizuia huuambia ukuta wa mfuko wa uzazi uendelee kujijenga. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilihitimisha kwamba upo ushahidi wa kutosha wa kuhusisha mafuta mengi mwilini na aina 13 za saratani. Saratani ya mfuko wa uzazi imo, na uhusiano wake ni miongoni mwa ile yenye nguvu zaidi.

Shangazi ni mnene. Shangazi ana sukari. Sikuweza kumdanganya kwamba mambo hayo hayahusiani na maradhi yake. Lakini kuhusiana si hukumu. Wanawake wengi wanene hawatapata saratani hii maisha yao yote, na wapo wembamba wanaoipata. Tunazungumzia uwezekano unaopanda na kushuka katika umma mzima wa watu. Kuuchukua uwezekano huo na kumvisha mtu mmoja kama kosa lake ni jambo ambalo hesabu yenyewe haituruhusu kufanya.

Wapo makundi mawili yanayofanya hivyo kila siku.

Kundi la kwanza ni wauza unga. Shangazi aliona damu miaka tisa baada ya hedhi yake kukoma. Hakumwambia mumewe, hakumwambia mwanawe, na mimi niliyekuwa nikimpigia kila Ijumaa hakuniambia. Alimwambia mwanamke mmoja anayeuza unga na majani kwa simu, kwa sababu mwanamke yule alimsikiliza. Akaambiwa ni sumu inatoka, asiizuie. Kwa miezi saba shangazi alikunywa unga, akanywa manjano na tangawizi, akaacha sukari kwenye chai, na damu ilipozidi akajua dawa inafanya kazi.

Damu baada ya hedhi kukoma si sumu inayotoka. Wengi wanaoiona hawana saratani, lakini hakuna ajuaye mpaka apimwe. Saratani hii ina huruma moja ambayo nyingine hazina: mara nyingi inajitangaza mapema, kwa damu hiyo hiyo, na ikikamatwa mapema upasuaji peke yake mara nyingi unatosha. Ya shangazi ilipokamatwa ilikuwa imeshavuka pale ilipoanzia. Sasa anasubiri kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam kwa tiba ya mionzi, kama wagonjwa wengi wa visiwani kabla yake.

Ule usemi wa kwamba saratani hula sukari, kwa hiyo inyime, umetolewa kwenye sayansi ya kweli ukavuliwa nguo. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg aligundua kwamba chembe za saratani hutumia glukosi kwa wingi usio wa kawaida. Kipimo cha PET hutumia tabia hiyo hiyo, kwa sukari yenye mionzi, kuitafuta saratani ilipojificha. Lakini ukiacha sukari kwenye chai, ini lako litatengeneza glukosi na kuitia kwenye damu, kwa sababu ubongo hauwezi kukaa bila yake. Huwezi kuishindisha saratani na njaa bila ya kujishindisha wewe. Na manjano? Kwenye kioo cha maabara yanaonyesha dalili za kutuliza moto. Kwenye utumbo wa binadamu kiini chake hufyonzwa kidogo mno.

Hata dawa halisi ya kuzima moto huo ina masharti yake. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la dawa iitwayo canakinumab, kwa zaidi ya watu 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Waliopewa dozi kubwa walikufa kwa saratani ya mapafu kwa uchache kuliko wenzao. Lakini waliopewa dawa ile walikufa zaidi kwa maambukizi, kwa kuwa walinzi ni wale wale. Na dawa hiyo ilipojaribiwa baadaye kutibu saratani ya mapafu yenyewe, haikufua dafu. Hiyo ni dawa iliyopimwa, yenye dozi inayojulikana na madaktari wanaofuatilia. Mwenye kifuko cha unga anaahidi nini zaidi ya hapo?

Wauza unga ni rahisi kuwachukia, na nikiishia kwao nitakuwa nimeandika makala ya kila siku. Kundi la pili ni sisi.

Shangazi anahudhuria kliniki ya sukari kila mwezi. Katika ile miezi saba hakukosa hata mwezi mmoja. Kila mwezi alipanga foleni, akapimwa sukari, akapimwa presha, akapandishwa kwenye mizani, na akaambiwa apunguze uzito. Kila mwezi. Hakuna mwezi hata mmoja alioulizwa: Bibi, hedhi yako ilikoma lini, na tangu hapo umeona damu? Mtu aliyekuwa amekaa mbele yake alijua, au alipaswa kujua, kwamba mwanamke mnene, mwenye sukari, aliyekoma hedhi, ndiye hasa wa kuulizwa. Kisha shangazi akapungua kilo nne, kwa ule unga na kwa kutokula. Akapongezwa.

Siwataji, na wala siwaonei. Waliokuwa pale ni vijana kama mimi, wamesoma vitabu nilivyosoma mimi, na foleni iliyokuwa nje ya mlango wao naijua. Ninachosema ni kwamba wahka wa kuhubiri mtindo wa maisha ulichukua nafasi ya swali. Mhubiri hana haja ya kuuliza. Jibu analo tayari. Mgonjwa naye, akishazoea kuhubiriwa, hasemi. Nani atamwambia siri yake ya damu mtu ambaye kila akimwona anamsomea dhambi za chapati?

Litazameni neno lenyewe. Kwa Kiswahili mtindo ni kitu cha kuchagua. Mtindo wa kusuka nywele, mtindo wa kushona gauni. Umependa umechukua, umechoka umeacha. Ukisema ugonjwa ni wa mtindo umekwisha sema kwamba mgonjwa aliuchagua, kama alivyochagua kanga dukani. Kila tarehe 1 Januari viongozi wetu huvaa raba, hutembea na umma barabarani, kisha huhutubia juu ya kubadilisha mtindo. Mazoezi ni mazuri, sina ugomvi nayo. Yanaufaa mwili hata usipopungua ratili moja. Ugomvi wangu ni na hotuba. Hotuba hiyo inamaliza wajibu wa serikali pale pale unapoanza wajibu wa shangazi.

Sasa tuangalie ushahidi, na bahati nzuri ulio bora zaidi si wa kwenda kuutafuta Ulaya. Mwaka 2021 Godfrey Temba na wenzake, watafiti kutoka Moshi na Uholanzi, walichapisha katika jarida la Nature Immunology uchunguzi wa Watanzania 323 wenye afya njema, wa mjini na wa vijijini mkoani Kilimanjaro. Damu za wa mjini zilionyesha hali ya moto zaidi kuliko za wa kijijini, na tofauti hiyo iliambatana na chakula na athari zake kwenye damu. Mwaka 2025 wakaja na jaribio lenyewe, katika Nature Medicine, kwa wanaume 77. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini, chenye ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu: soseji, mkate mweupe, chipsi. Wengine wa mjini wakapewa cha kijijini. Kundi jingine likapewa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja.

Wiki mbili tu. Waliohamia chakula cha kizungu waliongezeka uzito, vipimo vya inflamesheni vikapanda, na chembe zao za ulinzi zikawa goigoi mbele ya vijidudu. Waliohamia cha kijijini, vipimo vikashuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Jaribio halikupima saratani. Wiki mbili haziwezi kupima saratani, na wanawake hawakuwemo. Lakini soma tena jinsi lilivyofanyika. Wanaume wale hawakuongezewa nia. Hawakuhubiriwa. Hakuna aliyewapa semina ya kujitambua. Walibadilishiwa sahani. Mtu mwingine aliwaletea chakula, na damu zao zikakifuata.

Afrika Mashariki imekuwa ikisema jambo hili tangu zamani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Kiayalandi aliyefanya kazi Uganda, anajulikana kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Baadaye alishangazwa na uchache wa saratani ya utumbo mpana kwa Waafrika wa vijijini, na mwaka 1971 akaandika kwamba huenda sababu ni nyuzinyuzi za chakula chao. Leo tunajua zaidi: bakteria wa utumbo huzichachusha nyuzinyuzi na kutoa butireti, inayolisha ukuta wa utumbo na kutuliza moto. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini, na dalili za hatari katika utumbo zikabadilika pamoja na chakula, kila kundi likifuata sahani ya mwenzake.

Basi swali la kweli si kwa nini shangazi amekula alichokula. Swali ni nani aliyeiandaa sahani ya Fumba.

Ukiitazama sahani hiyo utaiona historia. Karafuu zilipotapakaa Unguja katika karne ya 19, ardhi nzuri ilikwenda kwenye zao la kuuza nje, na kisiwa kikajifunza kula mchele unaoshushwa bandarini. Hatujaacha mpaka leo. Ngano haioti hapa hata kidogo, lakini chai bila ya boflo au maandazi si chai. Kule rasini Fumba udongo ni mchache, mawe ya matumbawe yamechomoza, na ardhi hiyo ilikuwa ya muhogo, mtama na kunde. Sasa ardhi ile ile ina thamani zaidi ikiwa kiwanja kuliko ikiwa konde. Pweza na changu wazuri wana mnunuzi wao pale pale ufukweni, na mnunuzi huyo anapeleka hotelini. Kinachobaki dukani karibu na skuli ni biskuti, juisi ya unga na tambi za dakika tano. Muhogo wa nazi unataka kumenywa, unataka nazi ikunwe, unataka kuni au gesi ya saa nzima. Tambi zinataka maji ya moto.

Na shangazi si mvivu, kabla hujaniuliza. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na yeye aliingia majini akiwa mwari. Miaka ishirini na zaidi alisimama kwenye maji ya kiunoni, akafunga kamba, akabeba magunia kichwani. Kisha bahari ikapata joto, mwani ukawa unaoza kwenye kamba, bei haikulipa dawa ya mgongo. Akatoka majini, akaanza kukaanga maandazi ya kuuza, na yaliyobaki akala. Mwani wetu, kwa taarifa yako, husafirishwa nje kutolewa kitu kiitwacho karagini, kinachotumika kuzitia uzito aiskrimu na vyakula vya viwandani. Kwa hiyo mwanamke aliyelima kiungo cha chakula cha viwandani kwa bei ya kutupa ndiye leo anaambiwa kwamba chakula cha viwandani ni udhaifu wake wa nafsi.

Najua utakalosema, kwa sababu wenzangu darasani wamelisema. Kwani binadamu hana hiari? Mbona wapo Fumba wasiokuwa wanene? Hiari ipo. Mimi mwenyewe nina hiari kuliko shangazi: nina bweni lenye jiko, soko karibu, na elimu ya kusoma kibandiko. Na bado wiki ya mitihani nakula chipsi siku tano. Hiari ni kama pesa, haikugawiwa sawa. Mtu anayetaka kupungua apewe msaada wa kupungua, kwa heshima. Lakini sera inayotegemea kila mmoja awe shujaa kila siku, mbele ya duka lile lile, si sera.

Utasema pia kwamba nautukuza ujima, kama kwamba zamani watu hawakuumwa. Sifanyi hivyo. Kusini mwa Sahara sehemu kubwa ya saratani bado inatokana na maambukizi. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoletwa na virusi vya HPV, inaongoza kwa wanawake wa Tanzania. Homa ya ini aina ya B huliweka ini kwenye moto miaka mingi mpaka saratani iote. Na kichocho, ambacho kaskazini ya Unguja na Pemba wanakijua vizuri, ni mfano wa inflamesheni ambao mwalimu yeyote angetamani kuufundisha: mayai ya mnyoo yanakwama kwenye ukuta wa kibofu, mwili unapigana nayo usiku na mchana, na kwa baadhi ya watu mwisho wake ni saratani ya kibofu. IARC iliutia mnyoo huo kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1994.

Lakini tazama tulivyopambana na kichocho. Hatukumwambia mtoto wa Kinyasini kwamba amejitakia kwa kuoga mtoni. Alipewa vidonge skuli. Konokono wanaobeba mnyoo wakawindwa kwenye vijito. Na mradi mkubwa wa kukitokomeza visiwani, ulioendeshwa katika muongo uliopita, ulipotaka watu wa baadhi ya shehia wabadilishe tabia, elimu ilikwenda pamoja na kujengewa mahali pa kufulia na vyoo vya kukojolea. Walijua kwamba huwezi kumwambia mama asifulie kijitoni kama hujampa pengine pa kufulia. Akili hiyo ilipotelea wapi tulipofika kwenye sukari na unene?

Ninachotaka si kikubwa. Kila kliniki ya sukari na presha imuulize kila mwanamke aliyekoma hedhi kuhusu damu, kila anapokuja, kama anavyopimwa presha. Swali halina gharama. Akisema ndiyo, apate kipimo cha mfuko wa uzazi bila ya kuzungushwa. Wasichana wapate chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018, na sisi tuliotangulia tupimwe mlango wa kizazi na homa ya ini. Maduka yanayozunguka skuli yawekewe sheria, na muhogo na samaki wa kisiwa hiki vipate njia ya kufika kwenye sahani ya mtoto kwa bei isiyoshindwa na biskuti. Anayeuza unga kwa kuahidi kutibu saratani ashitakiwe. Na wewe na mimi, tunapoandika tasnifu zetu na mabango yetu, tuandike magonjwa yasiyoambukiza, tuandike magonjwa ya umetaboli, tuandike chochote kilicho kweli. Mtindo tuwaachie mafundi cherehani.

Nilimjibu shangazi, "Hapana. Hukujitakia." Nikamweleza kuhusu mafuta, insulini na ule moto, kwa maneno yasiyozidi hayo niliyoandika hapa, kwa sababu ana haki ya kujua kilichomo mwilini mwake. Nikamweleza pia kwamba kulikuwa na swali ambalo alipaswa kuulizwa na hakuulizwa, na kwamba kosa la kutoulizwa si la asiyeulizwa.

Alinyamaza muda. Akaizima simu.

"Kwa hiyo ile damu," akasema, "ndiyo ilikuwa yenyewe."

"Ndiyo, Shangazi."

Akavuta kanga, akaanza kujiinua taratibu, mkono mmoja tumboni. Nikamwambia akae, daktari kamkataza kujihangaisha. Hakunisikia. Alikuwa anatafuta viatu.

"Nyumba ya tatu pale," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Naye anaiona, tangu Shaabani. Mimi ndiye niliyempa namba ya yule mwenye unga."

Tukaenda wote wawili, polepole, kabla ya magharibi.